Kipimo cha kidonda au cha damu: kuyasoma majibu ya herpesi na kuchagua hatua inayofuata

Karatasi ya maabara yenye neno "chanya" mbele ya herpesi yaweza kuwa ushahidi usio na shaka, na yaweza pia kuwa kisio ambacho bado hakijathibitishwa. Kinachotenganisha hali hizo mbili ni mambo matatu ambayo wengi hawayaulizi wanapokabidhiwa bahasha: sampuli ilitoka wapi mwilini, ilichukuliwa lini, na maabara ilikuwa ikitafuta nini ndani yake. Makala haya yanaweka vipimo sambamba, kisha yanaweka tiba sambamba, kwa ajili ya msomaji wa Nairobi ambaye ama anafikiria kupimwa ama tayari ana majibu na hajui ashike lipi. Msimamo wangu nautaja mapema: palipo na kidonda, kipimwe kidonda; pasipo na kidonda, damu ipimwe tu ikiwa kuna uamuzi unaosubiri jibu hilo.

Herpesi ni ugonjwa wa malengelenge na vidonda, na virusi vinavyouleta, viitwavyo HSV kwa kifupi, ni vya aina mbili. HSV-1 wengi wetu tuliipata utotoni kwa mate, na kwa kawaida hutoa vidonda vya midomoni, ingawa kwa ngono ya mdomo hufika sehemu za siri pia. HSV-2 huenezwa karibu wakati wote kwa ngono. Aina zote mbili hujificha katika neva na kubaki humo maisha yote, zikiamka kwa vipindi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwezi Desemba 2024 kwamba watu milioni 846 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, yaani zaidi ya mmoja kati ya kila watano duniani, wana herpesi ya sehemu za siri. Hapa Kenya, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2007 uitwao KAIS uliwakuta takribani asilimia 35 ya watu wa miaka 15 hadi 64 wakiwa na kingamwili za HSV-2 (alama ambazo mwili huziacha baada ya kukutana na virusi), wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume. Wengi wa watu hao hawajawahi kuona kidonda wanachokikumbuka. (Mkanda wa jeshi, ule upele unaoshika ubavu mmoja, hutokana na virusi vingine vya ukoo huo huo; aliyewahi kuugua mkanda wa jeshi hana sababu ya kudhani kwamba ana herpesi ya sehemu za siri.)

Kidonda kikiwapo

Mgonjwa anayefika kituo cha afya cha umma akiwa na kidonda sehemu za siri mara nyingi hutibiwa kwa dalili. Mhudumu hukitazama kidonda, huuliza maswali machache, kisha hutoa dawa zinazolenga magonjwa kadhaa kwa pamoja. Njia hii ina faida ambayo haifai kubezwa, kwa maana mtu huondoka na tiba siku hiyo hiyo bila kusubiri maabara. Udhaifu wake ni kwamba macho hudanganyika. Kaswende hutoa kidonda, chankroidi, ugonjwa wa zinaa wa bakteria, hutoa kidonda, na tangu Julai 2024, mgonjwa wa kwanza wa mpox nchini alipothibitishwa kule Taveta, kuna ugonjwa mwingine wa malengelenge wa kufikiriwa. Herpesi yenyewe nayo mara nyingi haifanani na picha za vitabuni. Yaweza kuwa mpasuko mdogo wa ngozi, mchubuko unaowasha, au kipele ambacho mtu hukilaumu kwa wembe. Isitoshe, macho hayawezi kutenganisha HSV-1 na HSV-2, na baadaye tutaona kwamba aina hizo zina mustakabali tofauti.

Kipimo cha kidonda chenyewe hufanywa kwa njia mbili. Ya kale ni kuotesha virusi maabarani. Ya sasa ni PCR, ambayo hutafuta vinasaba vya virusi. Tukizilinganisha, PCR inashinda bila mjadala mrefu: huvinasa virusi hata vikiwa vichache na hutaja aina, ilhali njia ya kuotesha hukosa wagonjwa wengi, hasa kidonda kinapokuwa kimeanza kukauka au kinapokuwa cha kujirudia. Maabara ikikupa nafasi ya kuchagua, chagua PCR.

Ubora wa jibu, hata hivyo, huamuliwa na mkono unaochukua sampuli kabla ya mashine kuguswa. Lengelenge changa hupasuliwa, kisha kijiti cha pamba huzungushwa kwenye kitako cha kidonda kwa nguvu ya kutosha kuokota chembe za ngozi, na jambo hilo huuma. Kijiti kilichopitishwa juu juu kwa huruma hurudi bila kitu. Siku mbili za kwanza ndizo bora. Anayesubiri mwisho wa mwezi apate mshahara ndipo aende, huku akipaka mafuta ya kila aina kutoka kwa kemisti, hufika na gamba kavu ambalo halina la kusema. PCR ikitoka chanya, mjadala umekwisha: virusi vipo, mahali vilipo panajulikana, na aina inajulikana. Ikitoka hasi, haimwachilii mtu kabisa, kwa sababu yawezekana sampuli ilikuwa haba au imechelewa, na ushauri wa maana ni kurudi mapema zaidi kidonda kikichomoza tena.

Kidonda kisipokuwapo: damu

Kipimo cha damu hakitafuti virusi. Hutafuta kingamwili, yaani zile alama za mwili kukutana na virusi, na ndiyo maana kina mipaka ambayo kipimo cha kidonda hakina. Wa kwanza ni muda. Kingamwili za IgG, zile ambazo hubaki mwilini kwa muda mrefu, huchukua majuma kadhaa kuonekana, na kwa baadhi ya watu hufika wiki 12. Aliyepimwa siku kumi baada ya tukio linalomtia hofu hajajibiwa lolote kuhusu tukio hilo. Wa pili ni mahali. IgG ya HSV-1 ikiwa chanya haisemi kama virusi vimekaa mdomoni au chini, na kwa kuwa watu wazima wengi mno wa nchi hii walipata HSV-1 wangali watoto, jibu hilo kwa kawaida huleta usingizi wa mang'amung'amu bila faida yoyote. Kama ni mimi ninayelipa, kipimo cha damu cha HSV-1 nisingekinunua.

Mpaka wa tatu ndio mzito zaidi, na ndio unaohitaji msomaji aitoe karatasi yake na kuiangalia upya. Mbele ya HSV-2 IgG huwa kuna neno, na kando ya neno kuna namba. Namba hiyo ni fahirisi ya kiasi ambacho sampuli iliitikia kipimo. Katika vipimo vingi vinavyotumika, chini ya 0.9 huhesabiwa kuwa hasi, kati ya 0.9 na 1.1 haijulikani, na juu ya 1.1 huandikwa chanya. Sasa tuwachukue watu wawili waliopokea neno hilo hilo moja: mwanamke wa Kahawa ambaye fahirisi yake ni 1.7, hajawahi kuwa na dalili, na alipimwa kwa sababu tu kipimo kilikuwa ndani ya kifurushi cha vipimo vingi. Na mwanamume wa Kasarani ambaye fahirisi yake ni 8.4 na ambaye kila baada ya miezi michache huota vipele vinavyochoma mahali pale pale. Karatasi zao zinafanana kwa neno, lakini maana zake ziko mbali sana. Mwongozo wa mwaka 2021 wa CDC, taasisi ya Marekani ya udhibiti wa magonjwa, unasema kwamba fahirisi iliyo kati ya 1.1 na 3.0 isichukuliwe kuwa jibu mpaka ithibitishwe kwa kipimo cha pili cha namna tofauti, kwa sababu katika eneo hilo la namba majibu chanya ya uongo ni mengi. Yule wa Kasarani anaweza kuanza kupanga tiba. Yule wa Kahawa bado hajaambiwa kwamba ana herpesi, hata kama karatasi imeandikwa kwa herufi kubwa.

Kwa Wakenya tahadhari hii ina uzito wa ziada. Vipimo hivi vilipolinganishwa na kipimo cha marejeo katika utafiti uliofanywa Kisumu, ilionekana kwamba usahihi wake wa kuwatambua wasio na HSV-2 ulikuwa hafifu kuliko ulivyoripotiwa katika nchi za Magharibi. Kipimo hicho cha marejeo huitwa Western blot, na kinachotajwa zaidi ni kile cha Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, jambo linaloonyesha kwamba si kitu cha kupata kwa urahisi hapa mjini. Inayobaki ni kumwuliza mhudumu kwa utulivu: "Daktari, hii ni IgG ya aina ya ngapi, fahirisi ni ngapi, na mna kipimo cha pili cha njia tofauti?" Kurudia kipimo kile kile katika maabara ile ile si uthibitisho, ingawa kwa mtu aliyehofia maambukizi ya karibuni, kurudia baada ya wiki 12 na kuona kama namba imepanda sana au imebaki pale pale husaidia kufikiri.

IgM, kundi jingine la kingamwili, haihitaji maneno mengi. Hutangazwa kama kipimo cha kugundua maambukizi mapya, lakini haitofautishi aina kwa uhakika na huweza kutokea kwa mtu ambaye virusi vyake vya zamani vimeamka tu. Miongozo inashauri isitumiwe. Ukiikuta ndani ya kifurushi, iombe iondolewe, na isipoondolewa, usiijengee lolote.

Kwa mtu asiye na dalili na asiye na mwenzi mwenye herpesi, swali la kwanza ni kama apimwe damu kabisa. Jopo la wataalamu wa uzuiaji wa magonjwa nchini Marekani, USPSTF, lilirudia mwaka 2023 pendekezo lake kwamba vijana na watu wazima wasio na dalili, wakiwemo wajawazito, wasipimwe herpesi kwa damu kama utaratibu wa kawaida, kwa sababu madhara ya majibu ya uongo yanazidi manufaa. Naliona pendekezo hilo kuwa la haki hata kwetu. Mambo hubadilika pale mwenzi mmoja anapojulikana kuwa na HSV-2 na mwingine anataka kujua kama wajikinge au wote wawili tayari wanayo, au pale dalili zinapojirudia na kidonda hakijawahi kunaswa kikiwa kibichi.

Majibu mawili yakisomwa kwa pamoja

Pale ambapo kipimo cha kidonda na cha damu vimefanywa siku moja, mtu hupata habari ambayo hakuna kimoja kati yake kingeitoa peke yake, nayo ni umri wa maambukizi. Tuseme mke ameota malengelenge kwa mara ya kwanza katika mwaka wa nane wa ndoa, na kijiti cha pamba kimeonyesha HSV-2. Ikiwa damu yake ya siku hiyo haina IgG ya HSV-2, mwili haujapata muda wa kutengeneza kingamwili, na kwa hiyo maambukizi yenyewe ni ya majuma machache yaliyopita. Ikiwa damu ina IgG ya fahirisi kubwa, virusi hivyo vilikuwamo mwilini kabla ya hayo majuma, pengine tangu kabla ya ndoa, na kinachoonekana leo ni mlipuko wa kwanza kujitokeza, wala si maambukizi ya wiki iliyopita.

Hata katika hali ile ya kwanza, ambapo maambukizi ni mapya, haifuati kwamba mume ametoka nje ya ndoa. Anaweza kuwa amebeba HSV-2 tangu ujana wake bila dalili, kwa kuwa virusi hutoka kwenye ngozi kwa siku chache chache hata pasipo na kidonda. Mashtaka mengi ya nyumbani yangepungua iwapo wahudumu wangelieleza jambo hili kabla ya kumkabidhi mtu karatasi, na nadhani dakika tano za maelezo hayo zina thamani kuliko kipimo cha tatu.

Wapi pa kupimwa jijini

Vituo vya umma vina nguvu katika uchunguzi wa mwili, tiba ya siku hiyo hiyo, na vipimo vya kaswende na vya virusi vya UKIMWI. Kile cha Casino, karibu na River Road, kimejulikana kwa miongo mingi kwa kutibu magonjwa ya zinaa. PCR ya kidonda ni afadhali kuitafuta katika hospitali kubwa na maabara za binafsi, na kabla ya kulipa uliza kama sampuli yako itapimwa kwa PCR au kwa njia nyingine, na kama jibu litataja aina. Ikiwa fedha hazitoshi kwa vyote, ningezitumia kwenye kijiti cha pamba na dawa, na kuiacha damu.

Dawa: za mlipuko au za kila siku

Kwa mlipuko wa kwanza hakuna cha kuchagua. Tiba huanza mara moja bila kusubiri majibu, kwa kawaida aciclovir ya miligramu 400 mara tatu kwa siku kwa siku 7 hadi 10, au valaciclovir ya gramu 1 mara mbili kwa siku kwa muda huo huo. Kukojoa ukiwa umekaa ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu hupunguza ule mchomo ambao huwafanya wengine waache kunywa maji. Atakayeshindwa kabisa kukojoa, au kuumwa kichwa kikali pamoja na shingo kukakamaa, aende hospitali siku hiyo. Aciclovir ya kupaka haisaidii sana kwenye herpesi ya sehemu za siri, na mafuta ya mchanganyiko yenye steroidi si ya kupakwa hapo.

Uchaguzi huanza baada ya hapo, na hapa ndipo aina ya virusi huwa na maana. Aliyethibitishwa kuwa na HSV-1 sehemu za siri kwa kawaida hupata marudio machache, mara moja kwa mwaka au yasitokee kabisa, na kumpa dawa za kila siku ni kumchosha. Mwenye HSV-2 aweza kuona milipuko minne hivi katika mwaka wa kwanza, kisha ikapungua kadiri miaka inavyokwenda.

Njia ya kutibu kila mlipuko unapotokea humfaa mwenye milipuko ya nadra na anayezitambua dalili za mapema, yaani kuwashwa, kuchoma au ganzi inayotangulia vipele. Dozi zake ni fupi: aciclovir miligramu 800 mara tatu kwa siku kwa siku mbili, au valaciclovir miligramu 500 mara mbili kwa siku kwa siku tatu. Sharti lake ni haraka. Dawa ianze ndani ya saa 24, na kwa hiyo vidonge viwe tayari nyumbani kwa maagizo ya daktari, kwa maana anayeanza kutafuta kliniki baada ya kidonda kufunguka amekwisha kupoteza nusu ya faida.

Njia ya kila siku ni aciclovir miligramu 400 mara mbili kwa siku, au valaciclovir miligramu 500 mara moja. Kwa wenye milipuko ya mara kwa mara hupunguza marudio kwa asilimia 70 hadi 80. Ina faida ya pili ambayo njia ya kwanza haina: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004 juu ya wapenzi wa jinsia tofauti, mwanamume na mwanamke, ambao mmoja alikuwa na HSV-2, valaciclovir ya kila siku ilipunguza maambukizi kwa mwenzi kwa karibu nusu. Kati ya dawa hizo mbili, aciclovir ni nafuu zaidi na valaciclovir ni rahisi zaidi kuikumbuka. Mwenye tatizo la figo lazima aseme, kwa sababu dozi hubadilishwa. Ningeichagua njia ya kila siku kwa mtu ambaye milipuko inamvurugia kazi na usingizi, au mwenye mwenzi asiye na HSV-2, kisha arudi kwa daktari baada ya mwaka kuona kama bado inahitajika. Kondomu hubaki katika njia zote mbili, na ngono huachwa tangu dalili za kwanza mpaka ngozi ipone kabisa, kwani kondomu haifuniki kila mahali vidonda vinapoweza kutokea.

Virusi vya UKIMWI na ujauzito

HSV-2 huongeza hatari ya kupata virusi vya UKIMWI takribani mara tatu, kwa hiyo kipimo cha HIV ni sehemu ya hatua inayofuata, pamoja na cha kaswende. Jibu likiwa hasi na hatari ipo, PrEP, yaani dawa anazotumia asiye na HIV ili asiambukizwe, ndiyo kinga ya kuizungumzia. Dawa za herpesi hazichukui nafasi yake wala nafasi ya ARV: utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwemo, na kuchapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba aciclovir ya kila siku haikuzuia virusi vya UKIMWI kupita kutoka kwa mwenzi mmoja hadi mwingine. Anayeishi na HIV na ana kidonda cha herpesi kinachopita mwezi bila kupona asikitibu kwa kemisti. Akipeleke kliniki yake ya ARV.

Mjamzito ndiye ambaye tofauti kati ya maambukizi mapya na ya zamani humgusa zaidi. Aliyeambukizwa kwa mara ya kwanza katika miezi mitatu ya mwisho, kabla kingamwili zake hazijamfikia mtoto, ana hatari kubwa ya kumwambukiza wakati wa kujifungua, kati ya asilimia 30 na 50; mwenye herpesi ya zamani inayojirudia tu, hatari hiyo haifiki asilimia 1. Huyu wa pili huandikiwa aciclovir miligramu 400 mara tatu kwa siku kuanzia wiki ya 36 na kwa kawaida hujifungua kwa njia ya kawaida, isipokuwa kama kuna kidonda au dalili zake uchungu unapoanza, ambapo upasuaji hupendekezwa. Jambo hilo liandikwe katika kijitabu cha kliniki ya wajawazito, ili zamu ya usiku katika wodi ya uzazi isitegemee kumbukumbu ya mama aliye katika uchungu. Na mtoto akipata homa, malengelenge, degedege au akakataa kunyonya katika wiki sita za kwanza, arudishwe hospitali siku hiyo hiyo na anayempokea aambiwe kuhusu herpesi ya mama hata kabla hajauliza.